Utafiti wa kompyuta ukiwa bado shahada ya kwanza: namna ya kuanza katika chuo kidogo cha Marekani

Mwongozo huu ni wa kijana aliyepata nafasi, au anayeitafuta, katika vile vyuo vidogo vya Marekani vinavyofundisha sanaa huria: Williams na Wellesley kule Massachusetts, Swarthmore kule Pennsylvania, Grinnell kule Iowa, Carleton na Macalester kule Minnesota, Harvey Mudd kule California, na vingine vingi vya aina hiyo. Watu wa Afrika Mashariki wameipita njia hii tangu zamani. Wangari Maathai alisomea biolojia katika chuo kidogo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Siku hizi vijana wetu wengi wakifika huko huchagua sayansi ya kompyuta. Nimewaona wenye uwezo mkubwa wakimaliza miaka minne bila kugusa utafiti hata mara moja. Akili wanazo, kilichokosekana ni mtu wa kuwaonyesha pa kuanzia, na hilo linaniuma.

Kabla ya hatua zenyewe, kielewe chuo chako. Katika chuo kikuu kikubwa profesa ana wanafunzi wa uzamivu. Hao ndio wanaoendesha majaribio, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza akikubaliwa huwekwa chini ya mmoja wao. Profesa mwenyewe anaweza kumwona kwa nadra. Vyuo vya sanaa huria kwa kawaida havina wanafunzi wa uzamivu. Kati yako na profesa hakuna mtu. Anapotaka programu iandikwe, data isafishwe au nadharia ijaribiwe, wa kuifanya kazi hiyo ni yeye pamoja na nyinyi mlioko darasani kwake. Mwanafunzi wa miaka ishirini anafanya huko kazi ambayo kwingine ingepewa mtu mwenye shahada mbili.

Upande wa pili nao uujue. Profesa huyo ameajiriwa kwanza kufundisha. Muhula ukiwa umechanganya anasahihisha mitihani, anashauri wanafunzi, anakaa kwenye kamati. Pumzi yake ya utafiti huipata zaidi katika likizo ndefu, kati ya Juni na Agosti. Kwa hiyo anamtafuta mtu atakayempunguzia mzigo. Kila hatua hapa chini inalenga kukufanya mtu huyo.

Hatua ya 1: Panga masomo mapema

Vyuo hivi havikulazimishi kuchagua fani hadi mwishoni mwa mwaka wa pili, na uhuru huo huwachelewesha wengi. Kozi za kompyuta zimefungamana, moja inasubiri nyingine, na madarasa hujaa haraka. Chukua kozi ya utangulizi wa programu katika muhula wa kwanza hata kama bado hujaamua. Ifuatishe miundo ya data, yaani namna za kupanga data ndani ya programu, kisha hisabati bainishi. Ukishamaliza miundo ya data, maprofesa wengi watakuona unaweza kusaidia. Ongeza takwimu mapema uwezavyo, kwa maana sehemu kubwa ya utafiti wa kompyuta leo ni kupima na kulinganisha, na asiyejua takwimu hawezi kujua kama tofauti aliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Anayelenga ujifunzaji wa mashine asikwepe aljebra ya mistari.

Usizidharau kozi za nje ya kompyuta ambazo chuo kinakulazimisha kuzichukua. Biolojia, historia au isimu ndiyo huzaa swali zuri. Pale Harvey Mudd, Ran Libeskind-Hadas pamoja na wanafunzi wa shahada ya kwanza walishughulikia swali la wanabiolojia: ukiwa na mti wa ukoo wa wanyama, tuseme panya-fuko, na mti wa ukoo wa chawa wanaoishi juu yao, utajuaje jinsi koo hizo mbili zilivyokua pamoja kwa mamilioni ya miaka? Ni lini chawa walihama mnyama mmoja kwenda mwingine, na ni lini waligawanyika pamoja na mwenyeji wao? Walitengeneza programu iitwayo Jane, ikachapishwa mwaka 2010. Kisha wakathibitisha kihisabati kwamba tatizo hilo ni katika yale magumu ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kikamilifu, na makala ya uthibitisho huo ikatoka mwaka 2011. Mwanafunzi aliyewahi kukaa katika darasa la biolojia angelielewa swali lile tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Wajue maprofesa kwa kazi zao

Idara ya kompyuta ya chuo kidogo ina maprofesa wachache. Ndani ya wikendi moja unaweza kujua kila mmoja anatafiti nini. Fungua ukurasa wa kila mmoja kwenye tovuti ya idara, halafu mtafute katika DBLP au Google Scholar, orodha za mtandaoni za makala za kitaaluma. Angalia makala za miaka mitano ya karibuni. Angalia pia nani wameandika pamoja naye: ukikuta majina ya watu waliokuwa wanafunzi hapo chuoni, umepata profesa anayewapa wanafunzi kazi ya kweli na kuwatambua kwa majina. Hicho kwangu ni kigezo kikubwa kuliko umaarufu wake. Usishangae ukiona majina yamepangwa kwa alfabeti, kwa kuwa katika nadharia ya kompyuta ndivyo ilivyo desturi, na kuwa wa mwisho pale hakumaanishi kazi ndogo.

Chagua makala moja ya kila profesa unayemtaka, uisome. Hutaelewa yote, wala hakuna anayetegemea uelewe yote. Soma kwanza muhtasari, utangulizi na hitimisho, kisha tazama michoro na majedwali, ukijiuliza: walitaka kujua nini, na wanadai wamegundua nini? Ukirudi mara ya pili, ingia katikati, uandike pembeni kila neno usilolijua na kila mahali ulipopotea. Mahali ulipopotea pawekee alama nzito, kwani hapo ndipo patakapotoka swali la kumpelekea profesa.

Jedwali la matokeo lisome polepole kuliko kitu kingine chochote. Ndilo linaloonyesha walipima nini, dhidi ya nini, na tofauti ni kubwa kiasi gani. Utangulizi wa makala unaweza kuahidi mengi; jedwali haliwezi kujificha.

Hatua ya 3: Ingia ofisini

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, na sababu yake naijua. Tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye. Shuleni ukiitwa ofisini kwa mwalimu, moyo unakudunda. Kumfuata bila kuitwa, ukamwuliza kuhusu kazi yake, kwetu kunaweza kuonekana ni kujipendekeza au kukosa adabu. Katika vyuo hivi ni kinyume chake: kila profesa hutangaza saa za kupokea wanafunzi, hukaa mlango wazi akisubiri, na asipokuja mtu hudhani wanafunzi wake hawana haja naye. Ukimya wako hausomeki kama heshima. Baki na adabu zako zote, mwite Profesa hata kama wenzako wanamwita kwa jina lake la kwanza, lakini nenda.

Nenda kwanza kwa jambo la darasani. Nenda tena wiki nyingine. Ukishakuwa sura anayoijua, mwandikie barua pepe fupi. Mfano, kwa profesa kama Jerod Weinman wa Grinnell, ambaye pamoja na wanafunzi wake amefanya kazi ya kuifundisha kompyuta kusoma majina yaliyoandikwa kwenye ramani za kale, barua ingeweza kusema hivi:

"Profesa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nilikuwa katika darasa lako la miundo ya data muhula uliopita. Nimesoma makala yenu kuhusu maandishi ya kwenye ramani za kale. Sikuelewa mnafanyaje pale jina linapokatwa na mstari wa mto au mpaka. Ningependa kuja Jumatano katika saa zako za wanafunzi nikuulize hilo, na pia kujua kama kuna kazi ndogo ya utafiti ambayo ningeweza kuanza nayo."

Itazame barua hiyo. Haina sifa za kumpamba profesa, haina historia ya maisha, haisemi "nina shauku kubwa ya akili mnemba". Ina ushahidi kwamba umesoma, ina swali moja la kweli, na inaomba kitu kinachowezekana. Itafsiri kwa Kiingereza chepesi tu; Kiingereza cha kujikaza huficha unachotaka.

Kuhusu wakati: kwa kazi ya likizo ndefu, anza mazungumzo Oktoba au Novemba. Maombi ya fedha za utafiti ndani ya chuo mara nyingi hufungwa kati ya Januari na Machi, na profesa huwa ameshaamua moyoni kabla fomu hazijafunguliwa. Ukijibiwa kwamba nafasi hakuna, uliza: "Nisome nini ili mwaka ujao niwe tayari?" Kisha kisome kweli, urudi. Ukimya wa wiki moja baada ya barua si kukataliwa. Kumbusha kwa mistari miwili, au nenda mlangoni.

Hatua ya 4: Fedha na karatasi za uhamiaji

Sehemu hii isome hata ukiruka nyingine zote.

Utasikia wenzako Wamarekani wakizungumzia REU, mpango wa shirika la taifa la sayansi la Marekani, NSF, unaowapeleka wanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo mbalimbali kufanya utafiti wakati wa likizo ndefu, mara nyingi kwa takriban wiki kumi na kwa posho nzuri. Mpango huo upo tangu mwaka 1987. Lakini posho zake ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, haruhusiwi kulipwa kwa fedha hizo. Usitumie Desemba nzima kuandika maombi ambayo hayawezi kukubaliwa. Nguvu zako zielekeze kwenye fedha za chuo chenyewe, ambazo katika vyuo vingi vya aina hii ziko wazi kwa wanafunzi wote bila kujali uraia. Uliza idara, ofisi ya mkuu wa taaluma, na ofisi ya utafiti wa wanafunzi. Mwulize profesa wazi: "Posho hii inatoka mfuko gani, na mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa?" Hilo si swali la aibu. Asipojua, atauliza.

Viza ya F-1 inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na muda wote wakati wa likizo. Utafiti unaolipwa na chuo chako huhesabiwa humo. Kumbuka kwamba saa hizo ni jumla: ukifanya saa 12 maktaba, zimebaki 8 tu za utafiti. Utahitaji namba ya hifadhi ya jamii ili ulipwe mshahara, kwa hiyo ianze mapema. Ukialikwa kufanya utafiti wa malipo kwenye chuo kingine, usikubali kabla ya kukaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali chake, na kwa kawaida kibali hicho hakitolewi kabla hujamaliza mwaka mzima wa masomo. Na kila mwaka jaza fomu 8843 ya kodi hata kama hukupata senti. Ukipata mshahara, jaza na 1040-NR.

Jambo la mwisho ni makazi. Bweni na ukumbi wa chakula vingi hufungwa muhula ukiisha. Uliza kama posho inakuja pamoja na chumba. Mwenzako anaweza kurudi kwao mwendo wa saa mbili. Wewe kwenu ni Mwanza au Kisumu.

Hatua ya 5: Lipunguze swali hadi lishikike

Mwanafunzi mpya huja na swali la ukubwa wa bara. "Nataka kuiboresha akili mnemba ielewe Kiswahili." Nia ni njema, lakini utaanzia wapi Jumatatu asubuhi?

Tulipunguze pamoja. Kiswahili huunganisha viambishi vingi katika neno moja. Chukua "hatutawapikia": mna ukanushi, mna sisi, mna wakati ujao, mna wao, mna kupika, mna kutendea mtu. Mifumo mingi ya lugha hukata maneno vipande kwa kufuata takwimu za maandishi iliyofunzwa nayo, na maandishi hayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, hivyo neno letu hukatwa mahali pasipo na maana. Swali la kwanza linaanza kuonekana: je, kukata neno kwenye mipaka ya viambishi kunaleta tofauti? Tofauti katika nini? Chagua kazi moja, tuseme kutambua majina ya watu, mahali na mashirika katika habari za magazeti. Kwa data ipi? Ipo MasakhaNER, iliyotolewa mwaka 2021, yenye lugha kumi za Afrika zikiwemo Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na Kijaluo, na imewekwa wazi. Kulinganisha na nini? Na mfumo uleule unaokata maneno kwa njia yake ya kawaida. Sasa swali limekuwa hili: katika data ya Kiswahili ya MasakhaNER, je, kukata maneno kwenye mipaka ya viambishi kunapunguza makosa ya kutambua majina, ukilinganisha na ukataji wa kawaida? Swali hilo lina jibu la ndiyo au hapana, lina data, lina kipimo, na linaweza kumalizika ndani ya likizo moja. Jibu likiwa hapana nalo ni tokeo, mradi upimaji uwe safi.

Katika swali la aina hii mzungumzaji wa Kiswahili ana nguvu ambayo mwenzake hana: anaweza kuyasoma makosa ya mfumo kwa macho yake na kusema kwa nini yametokea. Lakini usikubali kusukumwa kwenye Kiswahili kwa kuwa tu unatoka kwetu. Ukipenda kuthibitisha algoriti kwa kalamu na karatasi, au kuchunguza jinsi programu nyingi zinavyogombania kumbukumbu moja, nenda huko. Utafiti usioupenda utakushinda kufikia wiki ya sita.

Tena, usichague swali ambalo jibu lake ni mashine kubwa zaidi. Chuo kidogo hakiwezi kushindana na kampuni zenye maelfu ya kadi za michoro (GPU) za kufunzia mifumo hiyo, wala hakina haja. Inapobidi kupata mashine yenye nguvu, profesa anaweza kuomba muda bure kupitia mpango wa taifa wa ACCESS, uliochukua nafasi ya XSEDE mwaka 2022. Ila maswali mazuri kwa wanafunzi ni yale yanayodai uangalifu: kutazama data ambayo hakuna aliyeitazama kwa makini, kurudia jaribio la wengine kuona kama linasimama, kuthibitisha jambo dogo.

Kama utafiti unagusa watu, iwe kwa mahojiano, dodoso au majaribio na watumiaji, lazima upite kwenye bodi ya maadili ya chuo kabla ya kumwuliza mtu wa kwanza. Kibali kinaweza kuchukua wiki kadhaa, nacho hakitolewi kwa data uliyokwisha kuikusanya. Liingize hilo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Kazi ya kila siku

Siku ya kwanza usianze na wazo lako. Anza na njia rahisi kuliko zote, uipime, uiandike. Ikiwa katika habari 100, habari 80 ni za siasa, basi programu inayosema "siasa" kwa kila habari bila kusoma chochote inapata asilimia 80. Usipoijua namba hiyo, utakuja kushangilia asilimia 82 kana kwamba umegundua jambo. Kila tokeo lako litasimama juu ya kipimo hicho cha msingi.

Gawa data sehemu tatu: ya kufunzia, ya kurekebishia, na ya mtihani wa mwisho. Ile ya mwisho ifungie. Usiitazame, usiijaribu "mara moja tu kuona". Ukirekebisha programu baada ya kuiona, mtihani umeshavuja, na namba zako hazina thamani hata kama hakuna anayejua. Kwa majaribio yenye bahati nasibu ndani yake, rudia kwa mbegu tofauti za bahati nasibu, yaani namba zinazoanzisha bahati nasibu ya programu, uonyeshe wastani pamoja na kiasi matokeo yanavyopishana. Tofauti ya nusu asilimia iliyopatikana mara moja si kitu.

Weka msimbo wote kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, tangu saa ya kwanza. Uwe na daftari, la karatasi au faili la maandishi, na kwa kila jaribio andika tarehe, toleo la msimbo, toleo la data, mipangilio, mbegu, na matokeo. Andika pia ulichotarajia kabla ya kuona jibu. Tabia hii ya mwisho inafundisha kuliko kozi nyingi, kwa sababu inakuonyesha mahali ambapo mawazo yako kuhusu mfumo si sahihi. Weka nakala ya kila kitu nje ya kompyuta yako.

Kuhusu wasaidizi wa akili mnemba wanaoandika msimbo: mwulize profesa kanuni yake, uifuate. Popote inaporuhusiwa, usiache kwenye kazi yako mstari usioweza kuueleza ubaoni bila msaada. Kosa katika programu ya dukani humkera mteja. Katika utafiti kosa hilo hugeuka kuwa uongo uliochapishwa kwa jina lako na la profesa wako.

Kwenye mkutano wa kila wiki na profesa nenda na ukurasa mmoja: nilifanya nini, nimeona nini, nimekwama wapi, nataka kufanya nini wiki ijayo. Mpelekee jioni ya jana yake. Lete majedwali na michoro, hata mibaya. Matokeo mabaya usiyafiche hadi yapendeze. Profesa ameona majaribio mengi yakifeli, na mara nyingi atatambua kwa dakika tano kilichokusumbua siku tatu. Kukwama nusu siku ni kujifunza. Siku mbili zikipita bila hatua, uliza, kwanza mwenzako wa maabara, kisha profesa. Sisi tuliozoea kunyamaza hadi tuitwe tunahitaji kujilazimisha hapa, na kila mara unapouliza eleza umeshajaribu nini.

Hatua ya 7: Andika na uwasilishe

Katika sayansi ya kompyuta makala muhimu nyingi hutoka kwenye makongamano kuliko kwenye majarida, na kongamano lina tarehe ya mwisho isiyosogezwa. Mwulize profesa mapema mnalenga lipi, mpange kazi kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Kwa mara ya kwanza, makongamano ya kikanda ya CCSC, muungano wa vyuo vinavyofundisha kompyuta, ni mahali pazuri: yameundwa na walimu wa vyuo kama chako, gharama ni nafuu, na mengi hupokea mabango ya wanafunzi. Kongamano la kila mwaka la SIGCSE ni la elimu ya kompyuta. ACM, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kompyuta, ina shindano la utafiti wa wanafunzi linaloandaliwa ndani ya makongamano yake mengi, na shahada ya kwanza ina kundi lake. NCUR, kongamano la kitaifa la utafiti wa shahada ya kwanza lililoanza mwaka 1987, hupokea fani zote.

Zungumzeni mapema nani atakuwa mwandishi na kwa mchango gani. Swali hilo ni la kawaida huko, na kuliuliza mwezi wa kwanza ni rahisi kuliko mwezi wa mwisho.

Unapoandika, anza na jedwali na michoro, kisha eleza ulivyofanya, kisha matokeo. Utangulizi uuandike mwisho, ukishajua umegundua nini. Bango lisijae maandishi. Jizoeze kulieleza kwa dakika mbili kwa rafiki anayesoma historia. Akielewa, uko tayari. Kama kongamano liko nje ya Marekani, hakikisha saini ya safari kwenye I-20 yako, ile fomu ya chuo inayoambatana na viza ya F-1, ni hai na viza itakuruhusu kurudi, kabla hata ya kununua tiketi.

Hatua ya 8: Kazi ya mwaka wa mwisho, na kukabidhi

Vyuo hutofautiana, nawe soma vizuri kanuni za chako. Reed humtaka kila mwanafunzi aandike tasnifu, na Wooster humtaka kila mmoja afanye utafiti wake binafsi. Idara ya kompyuta ya Carleton hufanya kazi ya mwaka wa mwisho kwa vikundi. Swarthmore ina njia ya heshima ambayo watahini wake hutoka nje ya chuo. Grinnell ina miradi ya juu inayosimamiwa na profesa, inayoitwa MAP. Palipo na hiari, chukua. Anayetaka kuendelea na uzamivu anahitaji barua kutoka kwa watu waliomwona akifanya utafiti, na profesa uliyekaa naye likizo mbili na tasnifu moja ana mengi ya kusema kukuhusu. Mwombe barua mwezi mzima kabla, ukimpa orodha ya mliyoyafanya pamoja, maana amefundisha wengi tangu hapo.

Usiondoke chuoni na utafiti wako kwenye kompyuta yako. Profesa anabaki na swali, na mwaka ujao atakuja mwanafunzi mwingine kuliendeleza. Andika maelezo ya jinsi ya kuweka programu, data iko wapi, amri gani inatoa jedwali gani, na njia zipi mlizijaribu zikashindikana na kwa nini. Kisha mwite mwanafunzi atakayerithi kazi hiyo, keti kando yake, umwache aiendeshe yote mwanzo hadi mwisho kwenye kompyuta yake kwa kufuata maelezo hayo peke yake. Usimsaidie wala usiguse kibodi yake. Kila anapokwama, sahihisha maelezo, naye aanze upya kutoka mstari wa kwanza, hadi namba anazozipata zilingane na zilizo kwenye makala yenu.